Kabonidayoksaidi ya kujitengenezea katika tangi la mimea: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Chupa ya sukari na hamira, ambayo hutengeneza kabonidayoksaidi ya kulisha mimea ya tangi la samaki, hulaumiwa mara nyingi kwamba haitoi gesi ya kutosha, na lawama hiyo kwa kawaida haistahili. Gramu 200 za sukari zikichacha zote hutoa takriban gramu 100 za kabonidayoksaidi, wakati tangi la lita 60 lenye kiwango kizuri cha miligramu 20 kwa kila lita lina gramu 1.2 tu za gesi hiyo ndani ya maji yake. Hata chupa ikidumu wiki tatu, kila siku inatoa karibu gramu 5, yaani takriban mara nne ya gesi yote iliyoyeyuka tangini kwa wakati mmoja. Gesi basi ipo. Kinachotakiwa kujulikana ni inapotelea wapi, na kwa nini leo inakuja nyingi na keshokutwa inakuja kidogo.

Ndiyo maana uchunguzi unaofaa hufuata njia ya gesi yenyewe: chupa kwanza, kisha kifuniko na mrija, kisha mahali gesi inapoingia majini, na mwisho mimea na samaki. Mtu anayeanzia mwisho, akaona majani ya manjano na kukimbilia kuongeza hamira, huweza kuwaua samaki kabla hajaiponya mimea. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi mfumo wa hamira, kwa sababu ndio unaotumiwa na wengi wanaoanza, na vifaa vyake vinapatikana katika duka lolote la mtaani. Mfumo wa ndimu ya unga una matatizo yake, nayo yataelezwa baadaye.

Viputo havitoki, au vinatoka vichache mno

Chupa mpya haianzi kazi papo hapo. Hamira huhitaji muda wa kuzaliana, na gesi ya kwanza huyeyuka katika maji ya chupa yenyewe na kujaza nafasi iliyo juu yake kabla ya kusukumwa mrijani, kwa hiyo kusubiri saa 12 hadi 24 ni jambo la kawaida. Joto la mahali lina uzito mkubwa hapa. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chupa inaweza kuanza kutoa viputo baada ya saa chache tu. Njombe, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai, chupa hiyohiyo yenye vipimo vilevile inaweza kulala siku nzima na zaidi. Katika baridi ya namna hiyo, iweke chupa karibu na kitu chenye uvuguvugu, kwa mfano juu ya kabati la taa ya tangi, na usiiongezee hamira kwa kukosa subira.

Muda huo ukipita bila kiputo, iminye chupa. Ikiwa ngumu kama chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, gesi inatengenezwa lakini njia imeziba. Ikiwa laini, ama gesi haitengenezwi, ama inatoroka kabla ya kufika majini. Jaribio hili linachukua sekunde mbili na linagawa tatizo katikati, na inashangaza ni watu wangapi wanalipuuza.

Kwa chupa ngumu, mshukiwa wa kwanza ni kisambazio cha kauri, yaani kile kifaa cha mwisho wa mrija kinachovunja gesi kuwa viputo vidogo, ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya mitungi yenye shinikizo kubwa. Kisambazio cha aina hiyo kinaweza kufanya kazi na hamira kikiwa kipya, kisha kikaanza kukataa baada ya wiki chache, matundu yake yanapozibwa na mwani na uchafu. Kichomoe na uache mrija mtupu ndani ya maji: viputo vikitoka, umekwisha kupata chanzo. Kiloweke kisambazio katika maji yenye dawa kidogo ya klorini ya kufulia, kisha kioshe na kukiacha katika maji safi hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Kama kinaziba mara kwa mara, kiache na utumie kisambazio cha mti laini au, vizuri zaidi, uingize mwisho wa mrija katika mdomo wa pampu ya chujio, ambapo mapanga ya pampu huvivunja viputo kuwa vumbi la gesi. Washukiwa wengine wa chupa ngumu ni wepesi kuwaona: mrija uliojikunja nyuma ya kabati, vali ya njia moja, ile inayopitisha gesi kuelekea tangini tu, iliyowekwa kinyumenyume, au povu la sukari lililopanda na kugandia mdomoni mwa mrija kwa sababu chupa ilijazwa mpaka shingoni. Chupa ya lita 2 isitiwe zaidi ya lita 1.5 za maji.

Chupa laini huanza kuchunguzwa kwenye kifuniko, na hapa ndipo penye uvujaji mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Vifuniko vya soda hutengenezwa kwa plastiki ambayo silikoni haishiki, na gundi kali ya kawaida haishiki pia; huonekana imekauka vizuri, lakini ukipinda mrija kidogo gundi yote inabanduka kama ganda. Njia inayodumu haihitaji gundi. Toboa kifuniko tundu dogo kidogo kuliko unene wa mrija, kwa kekee badala ya msumari uliopashwa moto, kwa sababu msumari huacha kingo zenye mabonde. Kata ncha ya mrija kwa mshazari mrefu mpaka iwe kali, ipitishe tunduni kutoka upande wa juu, kisha ishike kwa koleo upande wa ndani na uivute taratibu mpaka mrija mzima, wenye unene wake kamili, uwe umekabwa na kingo za tundu. Kata ile ncha ya mshazari, ukiacha sentimita moja au mbili ndani. Mpira wa dripu wa hospitali, ambao ni mpya na haujatumika, unafaa sana kwa kazi hii, na kile kichupa chake cha matone hugeuka kuwa mahali pazuri pa kuhesabia viputo.

Ili kuthibitisha uvujaji, tumbukiza kifuniko chote ndani ya beseni la maji huku ukiibana chupa, au paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame panapotokea povu. Mrija wa silikoni nao hupitisha kabonidayoksaidi kupitia kuta zake, jambo ambalo ni kweli na ambalo watu hulikuza kupita kiasi: kwa mrija mfupi hasara ni ndogo, na hakuna haja ya kuubadilisha kabla kifuniko hakijakaguliwa.

Ikiwa hakuna uvujaji na chupa bado ni laini, hamira imekufa au haikuwa hai tangu mwanzo. Koroga nusu kijiko cha chai cha hamira hiyo katika nusu glasi ya maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Isipofanya povu ndani ya robo saa, itupe. Ikifanya povu, basi iliuawa ndani ya chupa, na sababu kubwa ni sukari kuyeyushwa kwa maji ya moto na hamira kutiwa kabla shira haijapoa. Chupa iguswe kwa kiganja na isikiwe ya vuguvugu tu. Maji yanayozidi nyuzi 45 yanaanza kuidhuru hamira, na yakipita 55 yanaiua.

Gesi inakuja kwa fujo siku chache, kisha inakatika

Hii ndiyo dalili ya kweli ya mfumo wa hamira, na karibu kila mapishi yanayosambazwa yanaichochea. Hamira nyingi hula sukari haraka, na sukari nyingi kupita kiasi haiongezi siku za chupa kama watu wanavyodhani. Gramu 200 za sukari katika lita moja ya maji, zikichacha zote, huacha kileo cha takriban asilimia 12, ambacho ni karibu na kikomo cha hamira ya mkate. Ukiweka gramu 400 katika lita hiyohiyo, hamira itakufa kwa kileo ilichokitengeneza yenyewe huku nusu ya sukari ikiwa haijaguswa. Utaitambua hali hiyo kwa kuonja tone la mchanganyiko uliokufa na kuukuta bado ni mtamu. Usipokuwa na utamu, sukari iliisha kwa haki, na chupa inahitaji tu kutengenezwa upya.

Kwa chupa ya lita 2, gramu 300 za sukari, lita 1.5 za maji na robo kijiko cha chai cha hamira ni mwanzo mzuri. Pwani, wakati wa joto, punguza hamira hadi ncha ya kijiko. Nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda husaidia pale maji yanapokuwa laini, kama yalivyo mara nyingi maji ya mito itokayo milimani, kwa sababu uchachu unaozalishwa na hamira huidumaza yenyewe. Kwa maji ya kisima cha pwani, yaliyopita katika miamba ya matumbawe na kubeba chokaa nyingi, bikaboneti haina kazi kubwa.

Hata mapishi yakiwa sahihi, mkondo wa gesi ya hamira hauwi sawa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hupanda, hutulia, kisha hushuka polepole. Dawa yake ni chupa mbili zilizounganishwa kwa kiungo cha T, kila moja ikiwa na vali yake ya njia moja, na kutengenezwa upya kwa zamu: moja ikiwa mpya, nyingine iko katikati ya umri wake. Hatua hii ina manufaa kuliko kifaa chochote cha bei ghali kinachoweza kuongezwa kwenye mfumo wa hamira, na ubaya wake ni harufu ya kileo nyumbani, ambayo wageni huenda wakaielewa vibaya.

Kwa tangi linalozidi lita 100, ushauri wa kweli ni kuacha hamira. Chupa tatu au nne zinaweza kutoa gesi ya kutosha, lakini kuzitunza kwa zamu kunachosha, na siku mtu anapochoka ndipo mimea inapoteseka.

Viputo vinatoka vizuri, lakini mimea haibadiliki

Kiputo kinachopanda moja kwa moja mpaka juu na kupasuka kimeipa hewa ya chumba gesi yako. Tazama upande wa tangi kwa dakika chache: kama viputo ni vikubwa kama punje za mchele na vinafika juu bila kupungua, tatizo ni kuyeyusha. Kikombe kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kilichogeuzwa mdomo chini na kubandikwa ukutani ndani ya maji, hushika gesi mpaka iyeyuke. Ni kifaa cha kale kidogo kwa sura, lakini hakizibi wala hakihitaji shinikizo.

Upande wa pili ni kuipoteza gesi iliyokwisha kuyeyuka. Chujio la kuning'inia linalomwaga maji kama maporomoko, au pampu ya hewa inayochemka mchana kutwa, huifukuza kabonidayoksaidi karibu kwa kasi ileile inayoingia. Inua kiwango cha maji mpaka maporomoko yawe mteremko mdogo, na izime pampu ya hewa wakati taa inawaka. Lakini uso wa maji usiachwe umetulia kabisa kama kioo, kwa sababu oksijeni huingia hapohapo.

Jambo la tatu ni mzunguko wa maji. Kabonidayoksaidi husambaa polepole sana majini kuliko hewani, na kona ambayo majani hayatikisiki inaweza kuwa na njaa ya gesi wakati sentimita 20 pembeni yake maji yana gesi tele. Mimea ya mbele ikiwa mizuri na ya nyuma ikiwa imedumaa, geuza mdomo wa chujio kabla ya kugusa chupa.

Kuhusu kupima, kile kichupa kidogo cha kioo chenye maji ya rangi kinachoning'inizwa ndani ya tangi ni msaada mkubwa kikiandaliwa vizuri, na ni hatari kikiandaliwa vibaya. Rangi ya buluu maana yake gesi ni kidogo, kijani ni takriban miligramu 30 kwa lita, na njano ni nyingi mno. Maana hiyo ni sahihi endapo tu maji yaliyomo ndani yake yana ugumu wa kaboneti, yaani KH, wa digrii 4. Wengi hutia maji ya tangi, wakidhani ndiyo yanayopimwa. Maji ya tangi yakiwa na KH ya 8, rangi ileile ya kijani inaonekana kwenye miligramu 60, kiwango ambacho samaki wengi hawakivumilii. Yakiwa na KH ya 2, kijani ni miligramu 15 tu. Maji sahihi hutengenezwa hivi: gramu 1.2 za bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, kisha mililita 100 za mchanganyiko huo zinaongezwa mililita 900 za maji hayohayo ya betri. Kumbuka pia kwamba rangi huchelewa kwa saa moja au mbili au zaidi, hivyo kinachoonekana saa 6 mchana ni habari za saa 4 asubuhi.

Wanaotumia jedwali la pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na KH badala ya kichupa wapate tahadhari moja. Hesabu yake, yaani 3 mara KH mara 10 kwa kipeo cha 7 kutoa pH, hufikiri kwamba hakuna asidi nyingine majini. Tangi lenye magogo mapya au majani makavu ya mkungu, ambayo hutiwa kwa ajili ya samaki wanaopenda maji ya kahawia, lina asidi za mimea zinazoshusha pH, na jedwali litatangaza gesi nyingi ambayo haipo.

Samaki wanahema juu ya maji

Kabla ya kutafuta sababu, okoa maisha: toa mrija majini, washa pampu ya hewa, elekeza mdomo wa chujio juu ili uso wa maji utikisike, na ubadilishe theluthi moja ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Baada ya hapo ndipo maswali yanapofaa, na swali la kwanza ni la saa.

Samaki wakihema alfajiri na kupata nafuu kadiri mchana unavyosonga, sababu ni usiku. Taa ikizimwa, mimea huacha kutumia kabonidayoksaidi na huanza kuitoa, huku ikila oksijeni pamoja na samaki, konokono na bakteria. Na chupa ya hamira haina swichi, inaendelea kutoa gesi ileile usiku kucha. Washa pampu ya hewa kwa saa za giza, kwa kifaa cha saa cha bei nafuu, na tatizo hili huisha katika matangi mengi. Asifikirie mtu kuufunga mrija kwa kibanio usiku: hamira haisikii amri, shinikizo litapanda, na kifuniko au mrija utaruka. Kwa sababu hiyohiyo chupa ya kioo isitumike kamwe, wala chupa nyembamba ya maji ya kunywa. Chupa ya soda ndiyo iliyotengenezwa kustahimili shinikizo.

Wakihema mchana, hasa siku mbili tatu baada ya kutengeneza chupa mpya, gesi imezidi. Punguza hamira katika chupa ijayo. Kwa sasa, acha mrija wa chupa moja kati ya mbili utoe gesi yake nje ya tangi.

Wakihema wakati umeme umekatika, chupa imeendelea kutoa gesi huku chujio na pampu vimesimama. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, pampu ndogo ya hewa ya betri inafaa kununuliwa pamoja na hamira ya kwanza. Isipokuwepo, toa mrija majini mara tu taa zinapozimika.

Joto nalo lisisahauliwe. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 uwezo huo unashuka hadi takriban 7.5. Kiwango cha gesi kilichovumilika mwezi wa Julai kinaweza kuwa kizito kwa samaki walewale mwezi wa Januari. Kamba wadogo wa mapambo huonyesha dhiki mapema kuliko samaki wengi: huacha kula, hupanda wote kuelekea uso wa maji, na wengine hung'ang'ania mrija wa chujio.

Kichupa cha rangi kikiwa buluu na samaki bado wanahema, iache chupa na upime amonia na naitraiti. Matamvua yaliyounguzwa na amonia hutoa dalili ileile, na tangi jipya ambalo bakteria wake hawajakomaa ndilo linaloongoza kwa tatizo hilo. Na kama anayepanda juu ni gurami au beta peke yake, akavuta pumzi moja na kushuka kwa utulivu, hakuna ugonjwa hapo, ndivyo alivyoumbwa.

Maji meupe na utelezi mweupe

Utelezi mweupe unaofanana na kamasi mwishoni mwa mrija ni bakteria wanaokula masalia ya kileo na sukari yanayosafiri na gesi. Hauna madhara ya maana na aghalabu hupungua wenyewe, na samaki wengine huula. Anayeuchukia aweke chupa ndogo ya pili kati ya chupa ya hamira na tangi, ikiwa na maji nusu: mrija wa kuingia ufike chini ya maji, wa kutoka uishie juu. Gesi itasafishwa humo, na viputo vitahesabika kwa urahisi.

Maji ya tangi lote yakigeuka meupe ghafla, hilo ni jambo jingine na ni la dharura. Mchanganyiko wa hamira umeingia tangini, ama chupa ilianguka, ama povu lilipanda hadi mrijani. Bakteria huzaliana kwa kasi juu ya sukari na kileo, na wanamaliza oksijeni. Badilisha nusu ya maji mara moja, rudia kesho yake, na pampu ya hewa isizimwe mpaka maji yawe angavu. Ile chupa ya pili ya kusafishia ingeuzuia mkasa huu wote, maana ingepokea povu kwanza.

Mwendo wa kinyume nao hutokea: chupa inapopoa usiku, au unapoifungua huku mrija uko majini, maji ya tangi huvutwa na kushuka kuelekea chupani hadi sakafuni. Vali ya njia moja ndiyo kinga. Mpira wake wa ndani hukakamaa kwa muda, hivyo ivue kila unapobadilisha chupa na uipulize kwa mdomo pande zote mbili. Ikipitisha pumzi kinyume cha mshale, nunua nyingine. Chupa ikikaa juu kidogo ya usawa wa maji ya tangi, na ikifungwa isianguke, hata vali ikifa hakuna mafuriko.

Mwani mweusi wenye manyoya

Vishungi vyeusi au vya kijivu vinavyoota kwenye kingo za majani ya zamani na kwenye magogo, ambavyo havibanduki kwa kidole, huambatana mara nyingi na gesi inayopanda na kushuka. Wanaoupata mwani huu huongeza gesi, na kweli unaweza kupungua, kisha chupa inaisha na unarudi na nguvu mpya. Gesi ya miligramu 15 isiyoyumba ina faida kuliko miligramu 30 za Jumatatu na 5 za Ijumaa. Rudi kwenye chupa mbili za zamu, punguza saa za taa hadi 6 au 7 kwa muda, na ukate majani yaliyokwisha kuvamiwa, kwa kuwa hayatapona.

Mfumo wa ndimu ya unga na bikaboneti

Hapa kuna chupa mbili: ya kwanza ina asidi ya sitriki, ile ndimu ya unga, iliyoyeyushwa majini, ya pili ina bikaboneti ya soda. Asidi inavutwa kidogokidogo hadi kwenye bikaboneti kadiri shinikizo la chupa ya pili linavyopungua, na vali ya sindano hupimia gesi inayokwenda tangini. Joto la chumba haliutikisi mfumo huu kama hamira, na gesi yake inaweza kufungwa usiku.

Geji, yaani kipimo cha shinikizo, isipopanda kabisa baada ya kuminya chupa ya asidi, angalia kama bikaboneti imeganda chini kama jiwe. Itikise kwa upole kabla ya kufungua kitu chochote. Angalia pia ulichonunua. Bekingi poda ina wanga na asidi yake yenyewe ndani, kwa hiyo humaliza gesi yake mara tu inapolowa, na kostiki soda ya kutengenezea sabuni haitoi gesi hata kidogo na inaunguza ngozi na macho. Geji ikipanda bila kusimama, vali ya ndani kati ya chupa mbili inavuja au imegeuzwa, na asidi yote inamiminika kwa pamoja: fungua vali ya kutolea shinikizo, ukiwa umekinga macho, na usubiri mpaka sindano ya geji irudi chini. Shinikizo la kazi la bar 1 hadi 2 linatosha.

Wengi hutia gramu 200 za kila kimoja. Kwa kipimo hicho bikaboneti huisha kwanza na takriban robo ya asidi hubaki bila kazi. Gramu 150 za ndimu ya unga kwa gramu 200 za bikaboneti hutoa gesi ileile, karibu gramu 105, kwa gharama ndogo zaidi. Viputo vikibadilika kasi kila asubuhi ingawa hujagusa kitu, kosa ni la vali ya sindano ya bei rahisi, na hakuna marekebisho ya chupa yatakayoliondoa.

Gesi ikiwa sawa na mimea bado haikui

Kichupa kikiwa kijani siku nzima na majani bado yanaharibika, gesi imemaliza kazi yake. Majani mapya yaliyopauka huelekeza kwenye chuma, matundu madogo katika majani ya zamani huelekeza kwenye potasiamu, na majani ya zamani kuwa manjano yote huelekeza kwenye naitrojeni. Mimea inayopewa gesi hula haraka zaidi, ndiyo maana upungufu huu hujitokeza wiki mbili tatu baada ya chupa kuanza kufanya kazi, na chupa ikasingiziwa.

Mimea mingine haikuhitaji chupa tangu mwanzo. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hukua polepole kwa gesi au bila gesi, na Vallisneria inaweza kuchota kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo katika maji magumu. Jambo hilo ni la kuzingatiwa hasa na wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH inayokaribia 9: kuingiza kabonidayoksaidi katika tangi lao ni kushusha pH ambayo samaki hao wanaihitaji, na pH ya tangi itapanda na kushuka kila chupa inapoanza na kuisha. Katika tangi kama hilo panda Vallisneria, ambayo huota ndani ya ziwa hilo lenyewe, na sukari ibaki jikoni.